Tanzanaiti haichimbwi Migori

Mchimba dhahabu wa Macalder, Migori, akiambiwa kuwa jiwe la samawati analouziwa ni tanzanaiti ya papo hapo, asisadiki. Kito hicho hupatikana Merelani pekee, kaskazini mwa Tanzania, kilikogunduliwa mwaka 1967. Kilifanyika takriban miaka milioni 585 iliyopita, miamba ya huko ilipobanwa na kupashwa joto ardhini. Vanadiamu ndiyo iliyokitia rangi. Miamba yenye dhahabu ya Migori ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali milima ya Ruri, Homa Bay, ni masalio ya volkano za juzijuzi, kwa hesabu ya wanajiolojia. Isitoshe, tanzanaiti nyingi hutoka shimoni zikiwa za kahawia. Samawati huletwa na tanuri, kwenye nyuzi 500 hivi za Selsiasi.