Kioo cha Indiketa cha Gari la Zamani: Namna ya Kukitengeneza Nyumbani

Kioo cha indiketa huitwa kioo kwa mazoea tu. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1950 ni akriliki, plastiki ngumu ile ile ambayo mafundi wa mabango huinunua kwa jina la Perspex. Akriliki hupitisha nuru vyema na hustahimili jua kwa miaka mingi, ila si nyumbufu: kokoto iliyorushwa na tairi la lori kwenye njia ya vumbi hutosha kuipasua. Gari likiwa la juzi, kioo kingine hununuliwa dukani. Likiwa Peugeot 404, mambo hubadilika. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi huo ukalijengea heshima Kenya nzima kuliko tangazo lolote. Mrithi wake, 504, alishinda mwaka 1975 na 1978, akaunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi akabeba abiria na mizigo katika kila pembe ya nchi. Magari hayo hayaundwi tena, na kioo kinachookotwa kwenye gari bovu mara nyingi kimechakaa sawa na kile kinachohitaji kubadilishwa. Kwa mwenye gari la aina hiyo mjini Machakos, njia iliyo karibu ni kukitengeneza mwenyewe.

Kazi ya kioo hicho si kuifunika balbu tu. Balbu ya indiketa kwa kawaida ni ya wati 21, na uzi wake unaowaka una urefu unaokaribia punje ya mchele. Kiakisi kilicho nyuma husukuma nuru ya uzi huo mbele, kisha mifereji na vijiprizimu vilivyochongwa upande wa ndani wa kioo huitawanya. Kanuni za kimataifa hutaka indiketa ya mbele ionekane hadi nyuzi 80 upande wa nje wa gari na nyuzi 45 upande wa ndani, na imulike kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Nyuzi hizo 80 ndizo humwezesha mwendesha bodaboda anayetokea pembeni kujua kwamba gari linataka kukata kona. Kipande bapa cha plastiki ya rangi, hata kikikatwa kwa ustadi wa namna gani, hutoa nukta kali mbele na kuacha ubavu gizani. Upande wa nje nao huachwa laini kwa makusudi, kwa kuwa mifereji ingekuwa nje ingejaa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo nakala inayofaa ni ile iliyochukua nyuso zote mbili za kioo, wa nje na wa ndani.

Kwa hiyo kazi huanza na kioo cha kunakili, na hapa wengi hukosea. Kioo cha duara, kama vile vya Land Rover za zamani, hukaa kushoto au kulia bila shida. Kioo kinachozunguka kona ya bodi ni kama kiatu: cha kulia hakivaliki kushoto. Kama cha kushoto ndicho kilichovunjika, vipande vyake visitupwe. Huoshwa, hukaushwa na kuunganishwa kwa gundi nyepesi aina ya Super Glue, kisha mapengo huzibwa kwa nta na kulainishwa. Mvuke wa gundi hiyo huacha ukungu mweupe juu ya plastiki, kwa hiyo hutiwa kidogo sana. Baadaye kioo chote husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1,200, kisha 2,000, na kumaliziwa kwa dawa ya kung'arisha rangi ya magari. Jasho la kazi hii halipotei. Kalibu, yaani umbo ambamo kioo kipya kitamiminwa, hunakili kila kitu, hata alama ya kidole, na mkwaruzo mmoja ulioachwa utajirudia katika kila kioo kitakachotoka humo.

Kalibu bora ni ya mpira wa silikoni, ile inayouzwa ikiwa majimaji na kuganda baada ya kuchanganywa na dawa yake. Ziko aina mbili. Ile inayogandishwa kwa platini hudumu zaidi, lakini hukataa kuganda ikigusana na salfa, na udongo wa plastisini wa watoto mara nyingi una salfa. Ile ya bati haina tatizo hilo na ndiyo inayomfaa anayeanza. Kioo hulazwa ndani ya kisanduku, uso wa nje ukitazama juu, na plastisini hujazwa chini yake na kuzunguka hadi kwenye ukingo. Vishimo vichache hubonyezwa kando kwa ncha butu ya kalamu ili nusu mbili za kalibu zije zishikane bila kuteleza. Silikoni humiminwa na kuachwa siku nzima. Kisha kisanduku hugeuzwa, plastisini huondolewa, na silikoni iliyokwisha kuganda hupakwa Vaseline. Mpako huo ukisahaulika nusu mbili zitaungana kuwa donge moja, na kazi itakuwa imeishia hapo. Ndipo nusu ya pili humiminwa juu ya uso wenye mifereji. Nusu hizo zikiisha kutenganishwa, hukatwa njia mbili: moja ya kuingizia resini, nyingine ya kutolea hewa, nayo iwe mahali palipo juu kabisa kalibu ikisimamishwa.

Resini inayopatikana kwa urahisi ni ya poliesta, ndugu wa ile ya kutengenezea maboti na matangi ya faiba. Inayotakiwa hapa ni ile angavu ya kumimina. Hugandishwa kwa dawa ambayo mafundi huiita hadina, kiasi cha gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za resini. Kasoro yake ni kusinyaa: hupungua asilimia 5 hadi 8 ya ujazo, na matundu ya skrubu huenda yasilingane na yale ya taa. Resini ya epoksi husinyaa kidogo sana lakini hugeuka njano juani, na nyingi hulainika kwa joto la balbu. Unjano si hasara kubwa kwa kioo chenye rangi ya kaharabu, ila kulainika ni hasara. Poliuretani angavu ndiyo nzuri kuliko zote, ila huchukia unyevu. Ikimiminwa siku ya mvua za vuli hutoka na povu kama maziwa ya moto.

Hadina ya poliesta ni hatari kwa macho. Tone moja linaweza kupofusha. Miwani ya kazi na glavu huvaliwa kabla chupa haijafunguliwa, na kazi hufanyiwa mahali penye upepo. Baadhi ya resini huja na dawa ya tatu, ya rangi ya zambarau, yenye kobalti. Dawa hiyo isikutanishwe kamwe na hadina moja kwa moja, kwani mchanganyiko wa mbili hizo hulipuka. Moja huchanganywa ndani ya resini hadi ipotee kabisa, ndipo nyingine hutiwa.

Rangi huhitaji subira kuliko hatua nyingine zote. Rangi ya kawaida ya kupaka huziba nuru. Inayotakiwa ni ile inayoyeyuka na kuiacha nuru ipite, chungwa ikichanganywa na njano kidogo. Tone moja katika gramu 50 laweza kutosha. Macho hudanganywa na kikombe, kwa sababu rangi huzidi kukolea kadiri kina kinavyoongezeka: resini inayoonekana nyekundu ndani ya kikombe huwa njano hafifu ikiwa na unene wa milimita 3. Kipimo cha haki ni kumimina kidonge chenye unene sawa na wa kioo, kukiacha kigande, kisha kukishika mbele ya balbu inayowaka, kando ya kioo cha zamani, jioni giza linapoanza. Kikilingana mchana bila balbu lakini kikatofautiana usiku, hakijalingana.

Siku ya kumimina, chupa ya resini huwekwa kwanza ndani ya maji ya vuguvugu. Baridi ya Machakos ya Juni hadi Agosti huifanya iwe nzito, na resini nzito hushika viputo. Hukorogwa polepole kwa kijiti, pembeni na chini, kisha huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kalibuni kutoka chini hadi itokeze kwenye tundu la hewa. Kalibu hugongwagongwa kwa kidole. Viputo huonekana vikipanda kwenye tundu kimoja kimoja na kupasuka. Nakala ya kwanza kwa kawaida haifai, na ni busara kupima resini ya vioo vitatu.

Kama hakuna hata kipande cha kioo cha asili, umbo huchongwa kwa mti. Hapa Machakos ina bahati. Wamunyu, kwenye barabara ya Kitui, ni kitovu cha uchongaji wa Wakamba tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mchongaji anayeweza kutoa twiga wawili wanaofanana hashindwi na umbo la taa. Umbo hilo huwa dogo kwa milimita 3 kila upande, ambao ndio unene wa karatasi ya akriliki itakayofunikwa juu yake. Maji yanayochemka hayatoshi kuikunja: akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, na Machakos, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na 95. Huhitajika ovena ya nyuzi 150 hadi 160, baada ya akriliki kukaushwa kwa saa kadhaa katika nyuzi 80 ili unyevu wake usigeuke viputo. Ganda linalopatikana halina mifereji. Vipande vyenye mifereji hukatwa kutoka kioo kilichovunjika cha gari lingine na kubandikwa ndani, na kitu hicho kizima ndicho hutiwa kwenye silikoni.

Kioo kilichotoka kalibuni huachwa wiki moja kikomae kabla ya kutobolewa. Matundu ya skrubu hutobolewa kwa mkono, mapana kidogo kuliko skrubu, kwa sababu plastiki hutanuka kwenye jua la mchana na tundu linalobana huanzisha ufa. Skrubu hukazwa hadi mpira wa kuzuia maji uanze kubonyea tu. Tundu dogo la kutolea maji, lililo chini ya kioo cha asili katika taa nyingi za zamani, lisizibwe. Bila hilo mvuke hubaki ndani na kutia kutu kiakisi.