Je, Wajua? Kinyanga na Kihunde Bado Vinamhitaji Mfasiri

Je, wajua kuwa mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200, Kiswahili, Kilingala na Kinyarwanda zikiwemo, lakini Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale, lugha za Kivu Kaskazini nchini Kongo, havimo?

Sababu ni kwamba programu hizi hujifunza kutokana na maandishi mengi ambayo binadamu wamekwisha kuyatafsiri. Kwa Kinyanga maandishi hayo ni machache, ingawa yapo ya thamani kubwa. Kwa mfano, Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa kwa Kinyanga na Candi Rureke mwaka 1956, ulitoka kitabuni mwaka 1969 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kitabu hicho ni kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wanyanga wenyewe.

Hata Kiswahili cha Kivu, chenye matamshi yake na maneno mengi ya Kifaransa, huitatiza mashine iliyozoea Kiswahili cha Dar es Salaam. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, shirika la Translators without Borders lilitafiti lugha za Kivu Kaskazini kwa sababu ujumbe wa afya haukuwa ukieleweka na wote.

Basi kazi ya mfasiri inabadilika: anarekodi wazee, anasahihisha tafsiri za mashine, anahakiki tangazo la chanjo kabla halijasambazwa kwa simu. Wanaokusanya sauti na maandishi ya Wahunde na Wanyanga wawalipe wafasiri hao ipasavyo, na wawataje kwa majina.