Projekta inaposema hakuna ishara

Mwanafunzi anayetetea kazi juu ya toni za Kiluba hawezi kuzieleza kwa mdomo peke yake. Waamuzi wanataka kuona mchoro wa sauti inavyopanda na kushuka, na mchoro huo umo ndani ya kompyuta. Projekta ikikataa, dakika zake zinaliwa na kebo. Siku hizo mara nyingi ni mimi ninayeitwa kuunganisha vyombo, basi nieleze ninavyofanya.

Kabla ya kugusa chochote, soma ukutani. Maneno «hakuna ishara», kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, ni afadhali kuliko giza. Projekta ni nzima na inasikiliza, ila katika tundu hilo hakuna anayesema. Huenda inasikiliza tundu lingine: bonyeza kitufe cha Source mpaka ufike kwenye HDMI uliyochomeka. Ukiona picha ya mandhari tu bila kazi yako, kebo haina kosa; kompyuta imeufanya ukuta kuwa skrini ya pili. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kurudufu.

Linalonivutia kama mtu wa isimu ni kwamba HDMI haianzi na picha, inaanza na salamu. Kichwa chake kina pini 19. Kompyuta inapeleka volti 5 kwenye pini ya 18, projekta inaitikia kwenye ya 19, ndipo kompyuta inasoma ni ukubwa gani wa picha mwenzake anaweza kuonyesha. Salamu isipoitikiwa, kompyuta inaamini hakuna mtu. Ndiyo maana kichwa kilicholegea kidogo kinaweza kunyima picha yote. Hata umeme ukikatika na kurudi, vyombo hivi wakati mwingine haviamkiani tena. Chomoa kebo, acha projekta iwake kabisa, kisha chomeka mpaka mwisho. Ikigoma bado, zima kompyuta na kuiwasha upya projekta ikiwa inawaka. Baada ya hapo, jaribu kebo nyingine.

Kinachotusumbua zaidi ni projekta za zamani zenye tundu la VGA tu, lile la pini 15. VGA ilitoka 1987 na inapeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka mfululizo. HDMI, ya 2002, inapeleka tarakimu. Kati yao waya hautoshi, anatakiwa mkalimani, yaani kigeuzi chenye elektroniki ndani. Na mkalimani huyu anatafsiri upande mmoja tu: kigeuzi cha HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyume. Zile kebo za sokoni zenye HDMI huku na VGA kule, bila kifaa chochote ndani, kwa kompyuta zetu ni kutupa pesa.

Tena VGA haibebi sauti. Anayetaka waamuzi wasikie rekodi zake alete spika.