Simu Yako Imeshika Mnara wa Nchi Ipi?

Sasisho la programu ya simu huweza kubadilisha mpangilio wa mtandao. Kwetu Mutukula, ambako Uganda na Tanzania zimetenganishwa na hatua chache tu, simu hushika mnara wa ng'ambo: salio huisha upesi, na mwito wa dharura huweza kupokelewa na askari wa nchi nyingine huku mwizi akitoweka.

Ndugu wananchi, simu ikisasishwa, izimeni na kuiwasha tena. Jina la mtandao likiwa geni, fungueni mipangilio, mchague mtandao wenu wenyewe na mzime matumizi ya data nje ya nchi. Msimpe fundi wala mpita njia namba ya siri ya pesa. Mkituita kwa 999 au 112, tajeni kwanza nchi na kijiji mlipo.