Mtoto naye ashuke mgongoni

Tulifika Kashuga wakati wa kupalilia maharagi ya msimu B. Wamama wa koperative walikuwa shambani tangu asubuhi. Saa sita, tulipokaa chini ya migomba, tuliona mtoto wa miezi saba hivi angali amefungwa na kikwembe mgongoni, vilevile kama alivyotoka nyumbani. Tukamuuliza mama yake, anashukaka saa ngapi? Akacheka: "Atashuka wapi? Chini kuko matope, kuko siafu, na mimi niko na mistari kumi ya kumaliza."

Kuna jambo jingine ambalo hakulisema. Huku kwetu Masisi watu wamekimbia mara nyingi, na mtoto aliyefungwa mgongoni ni mtoto ambaye unaweza kukimbia naye.

Sisi tulisoma udongo na mbegu, hatukusoma watoto. Na mgongo wa mama si mubaya: una joto, mtoto analala vizuri. Shida ni saa nyingi mfululizo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asifungwe, hata mgongoni, zaidi ya saa 1 bila kushushwa. Yule ambaye bado hatambai alazwe kifudifudi akiwa macho, kidogo kidogo, hadi zifike dakika 30 au zaidi kwa siku. Hapo ndipo shingo, mabega na mikono vinapata nguvu. Akisinzia, mgeuze alale chali.

Mchezo hauombi makuta. Tandika mukeka, lala nawe chini uso kwa uso, umuite. Atainua kichwa akutafute. Akilia, mubebe, urudie baadaye. Baba naye alale chali, amuweke mtoto kifudifudi juu ya kifua chake (wababa walicheka sana hapo, lakini wawili walijaribu). Akifika miezi mitano sita, weka kikombe mbele yake, kisha kisogeze mbali kidogo ili akifuate. Akianza kusimama, ashikilie benchi.

Sasa tunaongea kama maagronome. Mufuko uliobeba dawa ya shamba au mbolea usiwe mukeka wa mtoto, hata ukifuliwa. Chupa ya dawa haigeuki kuwa kayamba. Mbegu iliyopakwa dawa, ile yenye rangi, ikae mbali naye, na hata punje safi ya maharagi au mahindi inaweza kumukaba. Usimulaze katika shamba lililopuliziwa. Na wewe uliyebeba pompe, oga na ubadilishe nguo kwanza, ndipo umushike.

Usimupime mtoto wako na wa jirani. OMS ilifuata watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, ikakuta karibu wote wanakaa peke yao kati ya miezi 4 na 9, na wanatembea kati ya miezi 8 na 17. Lakini kama miezi 9 imepita hajakaa, au miezi 18 hajatembea, au amepoteza alichokuwa anaweza, enda sentre ya afya, usingoje mavuno. Na mtoto mwenye njaa hachezi. Kuanzia miezi 6, pamoja na ziwa la mama, apate uji wenye karanga, na maharagi yaliyopondwa vizuri.

Mbele hatujaondoka, wamama walipatana: mumoja atakaa na watoto juu ya mukeka, pembeni ya shamba, mahali ambapo kila mama anaona mtoto wake na anaweza kumufikia mbio. Kesho yake anakaa mwingine. Wakaiita likilimba ya watoto. Yule mama wa mistari kumi ndiye aliyeanza kukaa, na mistari yake ikapaliliwa na wenzake.