Umeme wa Jua na Mapaa ya Kale: Kutoka Kasongo hadi Mji Mkongwe

Katika Kiswahili, tongo ni mahali palipohamwa pakabaki magofu. Jina hilo limehifadhiwa na Tongoni, kusini mwa Maniema, ulipokuwapo mji wa Kasongo wa zama za Tippu Tip kabla haujatwaliwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mnamo Aprili 1893, na hatimaye mji kuhamishwa. Nyumba za mji ule hazikudumu. Lakini nyumba ya Tippu Tip iliyoko Shangani, Unguja, ilisimama, na iliendelea kukaliwa na familia mbalimbali kwa miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1905. Jengo lenye wakazi hupata mtu wa kuziba paa linapovuja. Lililohamwa huelekea kuwa tongo.

Suala la kuruhusu paneli za umeme wa jua juu ya majengo yanayolindwa na sheria halina budi kutazamwa kwa msingi huo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Umeme wake hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya huo uliposhindwa, Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kwa hiyo mkazi anayetaka paneli hatafuti anasa.

Hata hivyo, hoja za wahifadhi zina uzito. Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Adui mkubwa wa ujenzi huo ni maji. Paa likitobolewa kwa misumari na skrubu pasipo uangalifu, mvua hupenya, chokaa hulegea na boriti huoza. Kuna pia upepo wa bahari, unaoweza kuinua paneli pamoja na bati lililoishikilia, na mandhari ya mapaa yenyewe, ambayo ni sehemu ya urithi unaolindwa.

Mfano kutoka Uingereza unaonyesha kwamba pande hizi mbili zaweza kupatana. Kanisa la King's College, Cambridge, lililoanza kujengwa mwaka 1446, liliwekewa paneli 438 mwaka 2023, baada ya mabishano makali na licha ya pingamizi la wataalamu wa uhifadhi. Paneli ziliwekwa wakati paa la risasi lilipokuwa likifanywa upya, nyuma ya kuta fupi za ukingoni.

Kutokana na hayo, mwombaji kibali apaswa kuulizwa maswali matatu. Je, paneli zitaonekana kutoka barabarani au baharini? Je, paa na boriti zimekaguliwa na kuimarishwa kwanza? Je, paneli zaweza kuondolewa siku moja bila kuacha jeraha katika jengo? Pale majibu yanaporidhisha, kukataza hakuna faida. Yasiporidhisha, paneli zaweza kuwekwa uani au juu ya banda jipya, na waya ukapelekwa nyumbani.

Kongo nayo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971. Lakini katika miji kama Kasongo na Kabambare, paneli hupandishwa mapaani kwa sababu ya uhitaji, bila kungoja mkaguzi. Kwa Wamaza, basi, kazi ya kwanza ni kuyaorodhesha majengo ya kale yaliyosalia na kuwafundisha mafundi namna ya kufunga paneli bila kuliumiza paa. Sheria inayomnyima mkazi taa humhimiza ahame. Na akishahama, kitakacholindwa ni tongo.