Utepe Hukatwa Mara Moja, Nyasi Kila Wiki

Malango ya Uhuru Park, Nairobi, yalipofungwa mwishoni mwa 2021, sababu iliyotolewa ilikuwa ngumu kuipinga. Bustani ilikuwa imechoka. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa hadi udongo ukaonekana, vijia vilikuwa vimebomoka, na mtu aliyebanwa na haja alifikiria mara mbili kabla ya kuingia chooni. Serikali ikasema inakwenda kukarabati. Nani angesimama barabarani kupinga ukarabati?

Zaidi ya miaka miwili baadaye, mwananchi aliyeshuka matatu katikati ya jiji bado alikuwa akiichungulia bustani hiyo kupitia ua.

Waliokosa zaidi si watu wenye klabu za gofu wala nyumba zenye uwanja nyuma. Ni familia za Eastlands zilizokuwa zikiteremka mjini Jumapili baada ya ibada, watoto wakipanda mashua kwenye lile ziwa dogo na mpiga picha akiwafuata na kamera shingoni. Ni wauzaji wa njugu na aiskrimu. Ni vijana waliotoka kwenye usaili wa kazi saa nne asubuhi na hawakuwa na nauli ya kurudi nyumbani kisha kuja tena mjini alasiri, wakajilaza kwenye nyasi, bahasha ya vyeti chini ya kichwa. Huyu wa mwisho hatajwi katika mpango wowote wa bustani niliowahi kuusoma. Wapangaji humwita mzururaji. Kwangu mimi ndiye mteja mkuu wa bustani ya mjini, kwa kuwa jiji zima halina mahali pengine anapoweza kukaa saa tatu bila kununua kitu.

Nairobi inajua kupigana na mnyakuzi wa bustani. Haijajifunza kukabiliana na mkarabati.

Historia ya vita vya kwanza inajulikana, lakini inafaa kukumbushwa hapa kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kuangalia upande mmoja tu. Uhuru Park ilifunguliwa 1969, takriban ekari 32 kati ya jiji na mtaa wa Upper Hill. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, chama tawala cha KANU kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, likiwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti lake la Kenya Times, maduka, maegesho ya magari 2,000 na sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Profesa Wangari Maathai akaandika barua. Aliandikia ofisi za serikali, akaandikia wafadhili, akauliza swali jepesi: kama jumba hilo ni zuri hivyo, kwa nini lijengwe mahali pekee ambapo mtu wa kawaida anapumzikia? Bungeni alikejeliwa. Rais mwenyewe alimshambulia hadharani, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa kwenye ofisi za serikali lilimokuwa likifanyia kazi. Lakini wafadhili waliogopa, na jumba halikujengwa.

Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi kwenye pembe ya bustani hiyohiyo wakagoma kula, wakitaka wana wao waachiliwe. Polisi wakawatimua kwa virungu na vitoa machozi, na Maathai akapigwa hadi akazimia. Pembe hiyo ndiyo Freedom Corner. Alipofariki Septemba 2011, akiwa ameshapata Tuzo ya Amani ya Nobel, ibada ya mazishi yake ya kitaifa ilifanyika hapo. Na kati ya matukio hayo mawili, Agosti 27, 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi ndani ya Uhuru Park hiyohiyo.

Mita mia kadhaa kutoka hapo kuna Jeevanjee, bustani ndogo iliyotolewa kwa wakazi mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 nayo ilipangiwa jengo la maegesho na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani na mpango ukafa. Kila mchana wa juma leo hii utakuta humo wahubiri wakishindana kwa sauti na wanasiasa wa benchi, na kila upande unadai wa pili ndio unaopiga kelele.

Ushindi huo ulitupa dhana moja iliyoganda: kwamba bustani ikishaokolewa mikononi mwa mwenye tingatinga, imepona. Hatukuuliza nani atafyeka nyasi.

Katiba iliyotangazwa Uhuru Park ilijibu swali hilo, angalau kwenye karatasi. Jedwali la Nne linaorodhesha kazi za serikali za kaunti, na miongoni mwake ni bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani. Si kazi ya rais, wala ya wizara. Ni ya gavana, bunge la kaunti, na mwakilishi wa wadi unayemsalimia sokoni. Ukisoma orodha hiyo utaiona bustani imekaa pamoja na kasino, sinema na leseni za pombe. Usicheke. Ndivyo inavyokaa hata kwenye bajeti.

Hapa ndipo ningependa msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu siri ya bustani zetu imo humo na wala haiko kwenye michoro ya wasanifu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa matumizi ya maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Nia ni nzuri kabisa. Bila ukomo huo kaunti ingeajiri binamu na shemeji hadi isibaki hata senti ya zahanati.

Sasa iweke bustani ndani ya sheria hiyo. Mtunza bustani anayeingia saa kumi na mbili asubuhi na ufagio, fyekeo na mpira wa maji ni mshahara. Anahesabiwa upande ule unaobanwa, pamoja na karani na dereva wa afisa. Msafishaji wa choo ni mshahara. Mlinzi wa usiku ni mshahara. Mbegu za nyasi na balbu za taa ni matumizi ya kawaida, fungu ambalo hukatwa kwanza fedha kutoka Hazina ya Kitaifa zinapochelewa. Lakini ukuta mpya wa bustani ni maendeleo. Lango la chuma lenye nembo ya kaunti ni maendeleo. Kung'oa vijia vyote na kuweka matofali mapya ni maendeleo makubwa zaidi, yenye zabuni, mwanakandarasi, bango la mradi na siku ya uzinduzi.

Matokeo yake yanatabirika. Kaunti yenye bustani iliyochoka haina motisha ya kuajiri watu wanane wa kuitunza kwa miaka 10. Ina kila sababu ya kuiacha ichakae hadi iwe aibu, kisha itangaze mradi wa kuijenga upya. Kwenye vitabu, uzembe huo unageuka kuwa maendeleo. Simlaumu gavana yeyote kwa jina, maana atakayekuja baada yake atakuta kanuni zilezile na atafanya yaleyale, labda kwa rangi nyingine ya matofali.

Uhuru Park ilipitia hayo pamoja na balaa la ziada. Februari 2020, Gavana Mike Sonko alitia saini kuhamishia baadhi ya kazi za kaunti kwa Serikali ya Kitaifa, na idara mpya, Nairobi Metropolitan Services, ikakabidhiwa kwa Meja Jenerali Mohamed Badi. Idara hiyo ilifanya mambo yaliyoonekana: Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, ilisafishwa na kufunguliwa upya mwaka 2020, na watu wakaijaza. Ndiyo hiyo pia iliyofunga Uhuru Park. Kisha, Septemba 2022, muda wake ukaisha na kazi zikarudi kaunti, chini ya gavana mpya, huku bustani ikiwa bado shimo na rundo la mchanga. Mradi ukabadilisha mikono katikati ya safari. Aliyeuanza hakuwapo kuumaliza, na aliyeupokea hakuwa ameuchora.

Swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema ni rahisi: ilikuwa lazima kufunga ekari zote 32 kwa mpigo mmoja? Mwenye nyumba anayepaka rangi hahamishi watoto wote kwenda kulala mvuani. Anaanza na chumba kimoja. Bustani yenye malango kadhaa inaweza kukarabatiwa vipande. Mwanakandarasi hatapenda, kwa kuwa uwanja mtupu ni rahisi kufanyia kazi, lakini mkataba huandikwa na mwenye mali.

Wapo watakaosema Forodhani, Unguja, ilifungwa pia na ikafaulu. Kweli. Bustani ile mbele ya Nyumba ya Maajabu ilifungwa mwanzoni mwa 2008 na kufunguliwa katikati ya 2009, kazi ikifadhiliwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na Serikali ya Zanzibar. Ukuta wa bahari ulikuwa ukibomoka, kwa hiyo mashine nzito hazikuepukika. Lakini angalia tofauti. Kazi ilikuwa na mwenyewe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wachuuzi wa mishikaki, urojo na juisi ya miwa walipangiwa nafasi ndani ya bustani mpya, badala ya kuonekana kama uchafu wa kufagiwa. Na siku ilipofunguliwa, ilifunguliwa. Usiku watu wakarudi na moshi wa makaa ukapanda kama zamani, na leo mgeni akiambiwa aende Forodhani hatazami ramani, anafuata harufu.

Mfano unaonivutia zaidi, hata hivyo, hauna bahari wala jumba la sultani. Uko Kibera, kando ya Mto Ngong. Tangu 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likifanya kazi na vikundi vya wakazi kugeuza vipande vya kingo za mto, baadhi vikiwa majaa ya taka, kuwa viwanja vya umma. Ukitembelea kimoja hutaona maua mengi. Utaona bomba la maji, vyoo, mahali pa kufulia, ukumbi mdogo, pembe ya watoto kuchezea. Jambo la kujifunza ni mpangilio wa pesa: huduma kama maji na vyoo hulipiwa kidogo, na kikundi cha wakazi hutumia mapato hayo kutunza mahali penyewe. Mtunza bustani hapo hategemei asilimia 35 ya mtu yeyote.

Kibera hiyohiyo, shirika la Umoja wa Mataifa la UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, upande wa pili wa jiji, liliwaketisha vijana mbele ya kompyuta wachore uwanja wao kwa mchezo wa Minecraft. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa wafadhili. Sidhani hivyo tena. Mchoro wa msanifu mama mboga hawezi kuukosoa, kwa sababu haelewi mistari ile. Jengo la vitofali kwenye skrini anaweza kulinyooshea kidole na kusema taa hii haitoshi, hapa ndipo binti yangu huporwa simu. Ushirikishaji wa umma, ambao Katiba inaulazimisha, mara nyingi ni hema, chupa za maji na orodha ya kutia saini. Kinachokosekana ni kitu cha kunyooshea kidole.

Na watu wakipewa nafasi ya kunyoosha kidole, mambo wanayoomba hushangaza kwa udogo wake. Kivuli. Choo chenye maji na mlango unaofungika, maana bila hicho mwanamke mwenye mtoto hawezi kukaa zaidi ya saa moja. Taa njiani kati ya lango na kituo cha matatu, si ndani tu. Benchi lenye mgongo, kwa wazee. Chemchemi yenye taa za rangi, ambayo huonekana kwenye kila picha ya mradi mpya, haitajwi.

Kuhusu ua wenyewe, nina mashaka. Wanaoutetea wanasema bila ua bustani hunyakuliwa, na katika jiji lililotajwa mno katika ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, hofu hiyo si ya kubuni. City Park kule Parklands imemegwa kwa miaka mingi. Lakini ardhi hulindwa na hati na upimaji uliosajiliwa, na waya wa senyenge hauwezi kuchukua nafasi ya karatasi hizo. Ua bila hati humsaidia hata mnyakuzi: siku moja unakuta kufuli limebadilishwa.

Kwa hiyo kwa msomaji ambaye mtaani kwake kuna kipande cha nyasi kinachoelekea kubaya, kalenda ni hii. Kufikia Septemba 1 kila mwaka, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti huwa mezani. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, vingi vikiwa nusu tupu. Nenda. Usiulize kama bustani itarembeshwa, kwa maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza watunzaji wangapi wameajiriwa, na mshahara wao uko ukurasa upi. Uliza ufunguo wa choo utakaa na nani Jumapili. Uliza namba ya hati ya ardhi. Na ukiambiwa bustani itafungwa kwa ukarabati, omba tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kabla mwenyekiti hajamwita mchungaji kufunga kwa maombi.